Sauti Yako Niliyoishusha

Dar es Salaam,
Jumatano, baada ya adhuhuri

Mdogo wangu Shabani,

Kosa wanalolifanya watu wengi wakisikiliza kaseti ni kudhani wamemsikia msomaji. Hawajamsikia. Wamesikia alichoamua mtu aliyeketi nyuma ya kioo, vidole vikiwa juu ya meza ya kuchanganyia sauti. Kosa hilo umelifanya wewe, amelifanya mama, na naona nusu ya Mbwera imelifanya. Nisipokueleza mimi hakuna mwingine wa kukueleza, kwa sababu aliyeketi nyuma ya kioo siku ile nilikuwa mimi.

Assalaam alaykum. Natumaini maneno haya yanakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba goti la mama limetulia tangu alipotoka hospitali kule Mchukwi. Mimi mwili hauna neno. Hamu ya kula ndiyo imepungua, na sababu utaiona.

Barua yako niliipata Ijumaa kwa mkono wa yule mchuuzi wa kambamiti wa Nyamisati. Nimeisoma mara nyingi hadi mikunjo imeanza kuchanika. Umeandika hivi: "Kaka, kaseti imefika. Tumeisikiliza kwa jirani mwenye redio kubwa. Watu wamesifu madufu, wamemsifu sana Saidi aliyeniitikia. Mimi nimejisikia niko mbali, kama mtu anayesoma akiwa ng'ambo ya mto. Kumbe umri umefika na sikujua. Wewe unayejua mambo ya sauti hukusema neno, nikaelewa kwamba umenistahi. Maulidi haya atasoma Saidi. Dufu la baba nimeshampelekea."

Hapo kwenye "umenistahi" ndipo ninaposimama kila mara.

Sasa tulia nikueleze. Unanijua, siwezi kueleza jambo bila kuanzia mwanzo wake.

Redioni nilikofanya kazi miaka yote ile, kabla hatujapunguzwa, meza ya sauti haikuwa na kumbukumbu. Kila kipaza sauti kilikuwa na kishikio chake kidogo mezani. Ukikisukuma mbele sauti inapanda, ukikivuta inashuka. Jioni ulivirudisha vyote chini, ukapangusa vumbi, ukafunika meza kwa kitambaa. Hiyo ndiyo ilikuwa adabu ya kazi. Aliyekuja asubuhi alikuta meza tupu, asijue jana ulimpandisha nani wala ulimshusha nani.

Siku hizi mambo yamefunguliwa, kila mwenye uwezo anafungua redio au studio, na bosi wangu wa sasa ameleta kutoka nje meza ya dijitali. Kwa kuitazama utadhani ni ileile. Lakini ndani ni kompyuta. Ukibonyeza mahali fulani, inahifadhi kila kishikio kilipo. Hata ukivishusha vyote na kwenda zako, siku ukiiambia ikumbuke, vishikio vinaondoka vyenyewe na kurudi palepale ulipoviacha, mtu hajavigusa. Mara ya kwanza kuona nilisogeza kiti nyuma. Bi Rehema, fundi mwenzangu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyeisomea kazi hii, alicheka akasema, "Mzee Athumani, haina jini hiyo. Ina mota." Ndiye aliyenifundisha kuihifadhi kazi kila ninapomaliza. Nikaandika kwenye daftari langu, nikapiga mstari chini.

Unaikumbuka siku mliyokuja kurekodi. Mlifika vumbi tupu, madufu mmeyafunga kwenye khanga ya shemeji. Nilikuweka wewe kwenye kipaza sauti cha saba, Saidi cha nane, waitikiaji nyuma. Mlipofika pale baba alipokuwa akiivuta sauti hadi wazee wanafumba macho, ukaivuta vilevile. Wewe ulikuwa umefumba macho yako, kwa hiyo hukuona kilichotokea upande wangu wa kioo. Bi Rehema aliweka kalamu chini. Mpiga gitaa wa chumba cha pili akaja kusimama mlangoni na gitaa lake shingoni. Na bosi, ambaye tangu aniajiri hajawahi kutia neno juu ya kazi yangu, akasema, "Huyo sasa ndiye mtu." Kisha akanigeukia. "Hivi Mzee, ninyi ni ndugu kweli? Mbona wewe ukiita chai tu tunaziba masikio?"

Wakacheka. Mimi nami nikacheka.

Shabani, nilikuwa na miaka kumi na saba niliporudi likizo kutoka shule ya bweni na kukuta dufu la baba limetundikwa upande wa kitanda chako. Miaka yote kabla ya hapo nililipasha moto mimi, kwenye makumbi ya nazi, ngozi ikaze kabla ya Maulidi. Nilijua kila kasida. Nikamuuliza baba. Akanijibu huku anakula, wala hakuwa na ubaya: "Wewe una shule. Mwenzio ana sauti." Nikanawa nikatoka. Tangu siku hiyo nimesoma kila kinachosomeka kuhusu sauti, namna inavyosafiri, namna inavyogonga ukuta na kurudi, kwa nini chumba chenye mapazia husikika tofauti. Nilidhani napenda elimu. Nilikuwa nataka kukishika kitu ulichopewa wewe bure.

Hata hapo Mchukwi, nilipokuja kumtazama mama, muuguzi aliniangalia akasema, "Ahaa, wewe ndiye kaka yake Shabani wa kasida." Nimefanya kazi ya sauti tangu ujana wangu, na huko kwetu sina jina langu mwenyewe.

Basi mlipoondoka kuwahi basi la Kibiti, nilirudi mezani peke yangu kuchanganya sauti. Nilianza vizuri. Kisha nikakishusha kishikio chako kidogo. Nikajiambia nasawazisha, waitikiaji nao wasikike. Nikashusha tena. Halafu nikafanya jambo ambalo asiyejua kazi hii hawezi kulifanya: nikapunguza sauti za kati, zile zinazotoka kifuani, ambazo ndizo humfanya msikilizaji aone mtu yuko naye chumbani. Sauti ikiondolewa kifua hubaki ya puani na kooni, ikasikika nyembamba, imechoka, iko mbali. Ng'ambo ya mto, kama ulivyoandika. Saidi nikampandisha. Saidi ana sauti nzuri lakini ni ya kuitikia, na wewe unajua hivyo kuliko mimi. Nikairekodi kazi hiyo kwenye kaseti, nikaandika jina la kikundi kwa mwandiko mzuri, nikaikabidhi kwa mchuuzi wetu.

Kisha nikavirudisha vishikio vyote chini, nikapangusa meza, nikaifunika. Sasa angalia mazoea yalivyo. Kabla ya kufanya hayo nilikuwa nimeshabonyeza pale pa kuhifadhi, kama daftari lilivyoniagiza, na nikaandika jina: SHABANI. Ushahidi niliuweka mwenyewe, kwa utiifu wa mwanafunzi mzuri, halafu nikatandika kitambaa juu yake nikiamini nimefuta.

Jumatatu asubuhi bosi alitaka kumsikilizisha mgeni wake "yule mtu wa Rufiji". Bi Rehema akafungua utepe mkubwa, ule wenye kila sauti peke yake, akaiambia meza ikumbuke. Vishikio vikaondoka. Nilikuwa nimesimama na kikombe mkononi, nikakiona cha saba kinapanda robo ya njia, kikasimama. Cha nane kikaendelea kupanda hadi karibu na juu. Mgeni akasikiliza, akasema ni nzuri, nzuri, kwa namna watu wanavyosema wakitaka kuondoka.

Walipotoka, Bi Rehema alikuwa bado anatazama meza. Akauliza taratibu, "Mzee, huyu msomaji alikuudhi nini?"

Nikasema, "Ni mdogo wangu."

"Najua ni mdogo wako. Nimeuliza alikuudhi nini."

Nikakiweka kikombe changu sakafuni. Yeye akavuta kiti chake pembeni, akanipisha. "Basi kaa. Utepe upo, hakuna kilichoharibika. Mrudishe mwenyewe."

Nimekaa pale kutwa nzima. Nimekurudishia kifua. Nimekupandisha hadi mahali pako, na Saidi nimemweka panapomstahili, bila kumwonea. Ukiwa mbele hivyo kila kitu kinasikika: pumzi unayoivuta kabla ya beti, hata pengo lako la jino linalopiga mluzi kidogo kwenye "salamu". Umri haujafika popote. Sauti imekuwa nzito kidogo kuliko ya baba, na nadhani, namwomba Mungu anisamehe, ni nzuri kuliko yake.

Usidhani kwa kuandika hivi nimepona. Nilipokuwa nakisukuma kishikio kile kuelekea juu, nawe ukafika pale pa kuvuta sauti, nilitamani tena kukurudisha nyuma. Wivu wangu nimeuzoea kama nilivyozoea miwani. Bado nakuonea wivu kwa sauti hiyo, kwa njia ya shambani ambako kila unayekutana naye anakujua, na kwa kuwa baba alipokuwa anakata roho alikutaka wewe usome. Sitakuomba uniambie si kitu. Ninakuomba ujue tu kwamba kuchoka ulikokusikia hakukuwa kwako, kulitoka mkononi mwangu.

Kaseti mpya nimeifunga pamoja na barua hii. Yule mchuuzi nimemwambia aiweke juu, isilowe botini. Ile ya kwanza usiitupe, irekodini juu yake chochote, hata watoto wa madrasa wakitamka alifu bee.

Mfikishie mama salamu, na umweleze yote haya mwenyewe; akitaka kunisema, nitakuja aniseme uso kwa uso. Msalimie shemeji, mwambie khanga yake ilisahaulika huku na ninayo. Salamu kwa mwalimu wa madrasa na waitikiaji wote. Na Saidi, mtoto wa shangazi, msalimie kwa heshima. Yeye hana kosa, na barua hii aisome pia ili asidhani amenyang'anywa.

Maulidi yako karibu, na ngozi ile inataka kuzoea mkono wa mtu. Kwa hiyo ukimaliza kusoma hapa, usingoje kesho: nenda leo kwa Saidi ukachukue dufu la baba.

Kaka yako,
Athumani