Mvua Iliyokuja Katikati ya Jilaal

Aabo,

Assalamu alaikum. Nakuandikia kwa Kiswahili, kama zile barua nilizokutumia nikiwa shule ya bweni. Ulikuwa unazipeleka dukani Kotile usomewe, halafu unamwomba mwenye duka arudie pale nilipokusalimu. Hii haina wa kukusomea. Naandika tu, kwa sababu kuna jambo limetokea, na kila nikitaka kulisimulia, mtu ninayemtafuta ni wewe.

Ulivyokuwa unanitania kuhusu kazi yangu! "Binti yangu anachunga bahari, na anaichungia Garissa." Ukija ofisini kwetu, kwenye idara ya hali ya hewa, ulikuwa unasimama mbele ya kompyuta, mikono nyuma, nikakuonyesha mishale ya upepo juu ya maji. Nilikueleza kwamba miezi hii huko Uarabuni ni baridi, na hewa ile kavu inavuma juu ya bahari mpaka kwetu, ndiyo inayotuletea jilaal, kiangazi chetu cha Januari. Ukatikisa kichwa. "Kumbe vumbi la Ijara linapikwa mbali hivyo." Mwaka mmoja nikakupeleka Mokowe ukaione bahari yenyewe. Ulichota maji kwa kiganja, ukaonja, ukatema, ukasema mbuzi wako wangeyapenda kwa ile chumvi. Nilicheka mpaka watu wa gati wakageuka.

Basi jilaal hii, ya kwanza tangu tukuzike, ule upepo ulilegea. Siku ya kwanza nilidhani ni kosa la mitambo. Siku ya nne mishale ilikuwa bado mifupi, na maji ya karibu na pwani yetu yalikuwa na joto kuliko kawaida. Hewa yenye unyevu ilikuwa inaingia nchi kavu. Wenzangu walisema tusubiri. Mimi nilimfikiria Adeer Yussuf, ndugu yako, uliyemwachia mifugo. Alikuwa amepiga kambi ndani ya laga, mkondo wa mto uliokauka, kwenye mchanga, kwa sababu visima viko hapo na kingo zinakinga upepo.

Nilimpigia simu. Akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia ahame. Akacheka: "Jilaal na mvua, tangu lini?"

Kesho yake nikapanda gari la mizigo mpaka Kotile, na pikipiki kutoka hapo. Aabo, nilikuta fimbo yako imeegemezwa mlangoni, nikaigusa kabla ya kuingia. Adeer alinisikiliza kwa heshima, maana mimi ni mtoto wako, kisha akasema mbuzi wamekonda, kuwahamisha bure ni kuwaua. Na hakukosea, wamekonda kweli. Sikuwa na uhakika. Nilikuwa na mishale tu.

Aliyeamua ni mkewe, Halima. Aliniuliza swali moja: "Ingekuwa baba yako yuko ndani ya kibanda hiki, ungemwacha alale?" Nikasema hapana. Akainuka, akaanza kuvua mikeka kwenye fito. Adeer akapaza sauti, anafanya nini? "Nyumba nimejenga mimi, naibomoa mimi. Wewe baki na mchanga wako." Jioni walikuwa wameshapanda juu kwenye kichaka, na Adeer alikuwa anawaswaga mbuzi nyuma yao huku akinung'unika.

Nikarudi Garissa, na siku mbili jua likawaka. Adeer alinipigia kuniuliza kama bahari yangu imesahau njia. Nilijifungia chooni ofisini nikalia, Aabo. Nililia kwa sababu ya mbuzi, na kwa sababu sikukulilia vizuri siku ile ya mazishi.

Siku ya tatu alasiri ikanyesha, mpaka asubuhi. Laga ilishuka na maji mekundu, ikang'oa miti, na pale walipokuwa wakilala pakawa mto. Watu wote wapo. Alhamdulillahi, wapo wote.

Lakini lazima nikwambie na hili. Mbuzi kadhaa walikufa kwa baridi ya ile mvua, hawakuwa na mafuta mwilini, na yule jike wako mwenye sikio lililopasuka yumo. Nilifikiria maji tu, sikumwambia Adeer awawekee ua wenye kinga. Nilipompigia kuomba msamaha akasema, "Halima analala hapa, yu hai, wewe unaniomba msamaha wa mbuzi?" Sauti yake ilikatika. Sikuwahi kumsikia hivyo.

Sasa upepo umeanza kugeuka, unatoka kusini. Nyasi zimeota mahali ambapo hazikupaswa kuota, na Adeer ananipigia kila Ijumaa, anazungumza mambo mengine yote kwanza, ndipo anauliza hali ya hewa kama mtu aliyekumbuka ghafla.

Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi, Aabo, akutilie nuru humo. Ninakuahidi hili: nikiona kitu nitakisema, hata wenzangu wakisema tusubiri. Na siku nitakapokosea, kwa maana itafika, sitajificha nyuma ya simu. Nitapanda gari niende mpaka kwenye kambi yao, niketi chini, nisikilize watakachoniambia.

Binti yako,
Hodhan