Wali Kabla ya Udongo

Temeke, Jumapili.

Si nilimwambia Bi Mwanaidi, mwenye nyumba? Majirani wakija kukusaidia kukandika ukuta, unawalisha udongo ukishaisha wote ukutani. Yeye akapakua wali asubuhi.

"Watu hawafanyi kazi na njaa, Baba Hamisi!" akanijibu.

Wakala, wakamsifu, wakajinyoosha kwenye majamvi. Mmoja akaniambia, "Tutamalizia kesho, inshallah." Kesho! Na wingu limeshasimama juu ya Pugu.

Mie Bi Mwanaidi ameniahidi chumba cha uani kwa kusimamia kazi hii. Nimechoka kukaa kwa dada yangu, kila siku ananitafutia mke. Mvua ikisomba ule udongo, nitabaki kwa dada mpaka masika yaishe.

Basi Bi Mwanaidi akajifunga kanga, akaingia kwenye udongo na mie. Mjane kama mie, lakini ana mikono yule! Bonge moja la udongo alilorusha likanipata usoni. Akacheka mpaka akakaa chini.

Mvua ikaja tumemaliza chumba changu tu. Ukuta umepinda upande aliokandika yeye. Nikausifu.

"Ukihamia hapa, nani atakupikia?" akaniuliza.

Nikamwambia natafuta jembe langu. Nilikuwa nimelishika.