Lugha Ipi ni ya Nani

Jumatano, Mlalo

Mwanangu ameshajua kwamba mimi si wa hapa.

Nimerudi kutoka gulioni nimeganda kwa baridi, nikamkuta binti yangu Zuhura jikoni na mama mkwe wanamenya maharage, wanacheka kwa Kishambaa. Nikasema, "Shikamoo mama." Kabla mama mkwe hajaitika, mtoto akamwambia, "Bibi, sema Kiswahili, mama amerudi."

Hajafika hata miaka minne! Hakuna aliyemfundisha lugha ipi ni ya nani, ameona tu mwenyewe. Bibi yake akamsifu kwa akili zake. Nami nilicheka nao, ila iliniuma.

Kosa ni langu. Tangu azaliwe sijamsemesha Kinyakyusa, lugha ya kwetu, hata siku moja. Niliogopa watu wa nyumba hii wataona najitenga.

Leo wakati namwogesha nikajikaza. Nikamwambia kwa Kinyakyusa, kama mama alivyokuwa akiniambia mimi, afumbe macho sabuni isimwingie.

Hakufumba. Aligeuka akatazama mlangoni, kisha akanitazama.

"Mama, unaongea na nani?"