Binti wa Rika Langu

Jumatatu, 4 Juni 2018

Nimelazwa ubavu wa kushoto tangu asubuhi. Kidonda cha mgongoni kimepanuka. Kiprop anasema hakijapanuka. Mwanangu hajui kudanganya. Uji, nusu kikombe. Mvua.

Msichana anayejifunza uuguzi amekuja tena. Zahanati huwatuma majumbani wajifunze kwa kufanya: kupima presha, kulisha, kugeuza, kusafisha vidonda. Jina lake Wanjiru. Wiki ya kwanza alinivuta kwa mikono. Sasa ananigeuza kwa shuka, haniburuti. Anakaa mtaa wa Huruma, mjini, na mama yake, chumba kimoja.

Ananiita Baba. Wengine wote huniita Mwalimu au Mzee. Sina ujasiri wa kumkataza.

Jumatano, 6 Juni

Kwa nini Baba. Marehemu baba yake, Njoroge, alikuwa fundi cherehani pale Cheptiret, karibu na shamba langu. Tulitahiriwa mwaka mmoja, yeye kwao, mimi kwetu. Siku ya harusi ya Kiprop wazee wetu walimkalisha kati yao, wakampa kibuyu cha maziwa, wakasema kuanzia leo huyu ni rika. Alicheka hadi maziwa yakamwagikia shati. Suti ya Kiprop yeye ndiye aliyeishona.

Mtoto wa rika lako ni mtoto wako. Kwao ni hivyo, kwetu ni hivyo. Wanjiru ni kitinda mimba wake, siku hiyo alikuwa mgongoni mwa mama yake. Amekua akiambiwa kwamba mimi ni baba.

Ijumaa, 8 Juni

Sista, muuguzi anayewafundisha, amekuja. Mtihani ni Alhamisi. Wanjiru amwogeshe mgonjwa wake kitandani, mwili mzima, mbele ya mtahini. Mgonjwa wake ni mimi. Akikosa, anaanza mwaka upya, na mama yake hana nguvu ya mwaka mwingine.

Mpaka leo Kiprop ndiye huniogesha. Binti haoni uchi wa baba yake. Wanjiru mwenyewe aliinamisha kichwa akasema, "Sista, huyu ni rika ya baba yangu."

Sista akacheka. "Wewe! Hapa hakuna baba. Kuna mgonjwa na beseni."

Nikasema siwezi. Nikasema ni mila.

Hakulia mbele yetu. Nilimsikia jikoni akisuuza beseni ambalo halikuwa chafu.

Jumapili, 10 Juni

Wazee wa kanisa wamekuja kunisalimu. Kiprop amewaeleza. Wamenisifu. "Huyu ndiye mwanaume," mmoja akasema. "Mwenzake alikufa zamani na bado anamheshimu." Wakaomba. Nilifumba macho, nikatamani ardhi inimeze.

Nikikubali kuogeshwa na Wanjiru, nasema Njoroge si rika langu. Nikikataa, namharibia mtoto wake kazi kwa ajili ya heshima ambayo sina. Maana nilishamkana Njoroge. Kwa mdomo huu.

Jumatatu, 11 Juni

Niandike, mkono ungali unashika kalamu.

Mwanzo wa 2008, baada ya uchaguzi, siku zile kabila langu na la Njoroge walipochomeana nyumba. Moshi upande wa barabara kuu. Njoroge alikuwa amefikisha mke na mtoto kituo cha polisi, kisha akarudi kuchukua cherehani. Njia zikazibwa. Akakimbilia kwangu. Vijana walimkamata akiwa karibu kushika lango langu. Wakaniita.

Wengine wao niliwafundisha kusoma. Hawakunitisha. Wangenisikia. Mmoja aliuliza kwa adabu kabisa: "Mwalimu, huyu anasema anakuja kwako. Ati ni rika yako. Ni ukweli?"

Niliitazama nyumba yangu. Niliyatazama mahindi ghalani.

"Sina rika wa jina hilo."

Njoroge alinitazama kama mtu aliyekosea nyumba. Wakaenda naye. Alipatikana siku ya pili, ng'ambo ya mto.

Mimi niliingia ndani. Nikafunga mlango. Nikanywa chai.

Jumanne, 12 Juni

Nimemwambia. Alikuwa anabadilisha bandeji. Nilisema yote, sikupamba. Mikono yake haikusimama mpaka bandeji ikakaa sawa. Kisha akanawa, akachukua mkoba, akatoka bila kuaga.

Kiprop aliuliza kama tumegombana. Nimemwambia naye. Akatazama picha ya harusi yake ukutani, akiwa ndani ya suti ile.

Jumatano, 13 Juni

Hakuja. Kiprop amenigeuza mara mbili, hakunitazama usoni. Naogopa. Sijui naogopa nini zaidi, arudi au asirudi.

Alhamisi, 14 Juni

Amekuja. Sare imepigwa pasi. Sista na mtahini nyuma yake. Aliinama sikioni mwangu, akasema polepole, wasisikie: "Ulisema si rika yako. Basi hakuna mwiko. Nitakuogesha, Mzee."

Mzee.

Sikukataa. Ningekataa kwa jina la nani?

Alipima maji kwa kiwiko. Akaanza na uso, bila sabuni. Mkono mmoja, akaufunika. Mwingine, akaufunika. Kifua. Miguu. Akabadilisha maji kabla ya kuniosha sehemu za siri. Hakuharakisha. Hakugeuza uso pembeni. Tangu mke wangu afariki sijaguswa kwa upole kiasi hicho. Nililia. Akapangusa machozi kwa kitambaa kilekile, kama maji mengine.

Mtahini aliitikia kwa kichwa. Amefaulu. Nilitaka kumwambia hongera.

Jumapili, 24 Juni

Kidonda kinakauka pembeni. Wazee wa kanisa niliwaita nikawaambia. Hawajarudi.

Wanjiru anakuja kama kawaida. Hachelewi. Hanisemi. Hajaniita Baba tena. Kiprop humwachia beseni mlangoni, halafu anatoka.

Leo nilimuuliza kama ile cherehani iliwahi kupatikana. Akasema hapana. Akaendelea kukunja taulo.

"Geukia ukutani, Mzee."

Nikageuka. Maji yalikuwa na joto la kutosha.