Sahani ya Mama Iliyoko Makumbusho

Ribe, Jumapili

Kaka Asger,

Sisi hatujambo, ila macho ya Mama ndiyo yamekwisha kabisa. Mvua haikatiki, na kabichi zimeanza kuozea bustanini.

Jana nilimpeleka makumbusho akaishike ile sahani ya udongo yenye ndege wa kijani, ambayo ukoo wetu umerithishana tangu karne ya kumi na saba, nawe ukaipeleka pale kwa niaba yake. Vibeke, mtunzaji wa vyombo, alifungua kabati la kioo akamwekea mapajani. Mama akapapasa ukingo, akaigeuza, akapitisha kidole chini yake, akitafuta ule ufa wa zamani. Uso ukambadilika.

"Ndiyo yenyewe, bibi?" Vibeke akauliza.

"Ndiyo, mwanangu. Ahsante," akajibu, akairudisha upesi mno.

Ndani ya gari nikamwambia, "Mama, wamekubadilishia sahani hawa! Yule Vibeke anachekacheka mno, simwamini. Narudi nikamuumbue."

"Nyamaza, Ragnhild. Haikubadilishwa pale."

"Wapi basi?"

Akageukia dirishani. Tulipofika mlangoni, akanishika mkono: "Usimwandikie Asger."

Ndipo nikakumbuka ulivyokaa nayo kwako majira yote ya baridi, eti unaisafisha, na masika ukanunua boti.

Nimekuandikia hata hivyo. Mama hajala tangu jana, na simu ikilia anauliza kama ni wewe. Ikiwa nakuonea, njoo uniambie mbele yake.

Dada yako,
Ragnhild