Jina la Kuamshia Diski

Daniel,

Najua utasema, "Huyu Mkamba, nikiwa hai hakuniandikia hata kadi ya Krismasi." Sema tu. Leo kalamu ninayo mimi.

Kompyuta yako imeamka. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya mbuzi wako.

Wiki uliyotutoka, stima ilipotea Voi yote, nayo ikazimika. Unajua ugonjwa wake: betri ya ndani ilikufa zamani, haikumbuki kitu, kila ikiwashwa lazima iandikiwe kwa mkono iamke kwa diski gani. Kazi hiyo ilikuwa yako. Mkubwa wetu wa ofisi akaleta fundi. Fundi akaona karatasi zetu zote za ofisi zinaita diski kuu sifuri, naye akaandika sifuri. Mashine ikajibu hakuna diski. Akarudia, akarudia, jasho likimtoka. Ndipo mkubwa akasema mbele yetu sote, "Marehemu ametufungia mashine makusudi, tusiweze bila yeye." Na kwamba atawaandikia hivyo wafadhili walioileta.

Ulikuwa bado mochari, Daniel.

Mimi nikainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba.

Jumamosi ya maziko tukapanda Wusi kwenu na gari la ofisi, na maua, na msalaba tuliokuchongea: DANIEL, kwa rangi nyeusi. Kila tuliyemkuta tulimuuliza nyumbani kwa Daniel aliyefariki. Mama mmoja mwenye mzigo wa kuni akasimama. "Daniel? Hapa hakuna Daniel amekufa. Wanamzika Mwadime, pale chini." Dereva akasema, "Si huyo," tukapita. Tukapita, ndugu yangu! Tulisikia nyimbo kabisa, tukapita, mpaka barabara ikaisha kwenye mahindi ya watu. Tuliporudi, mkeo alikuwa amekaa kando ya udongo mbichi. Akanitazama, akasema, "Mmekuja." Afadhali angenitukana.

Miaka yote hiyo tumekula githeri sahani moja, na jina lako la nyumbani nililijulia kwa mama wa kuni.

Usiku... hapana, usiku nililala kama gogo, nisikudanganye. Ni Jumapili kanisani, pasta akihubiri, nikakusikia wewe. Siku ile uliponifundisha nami nikawa nacheka: "Ni kama mimi. Kwetu ukiuliza Daniel, hata mbwa wetu hageuki. Diski hii, mashine ikiwa bado imelala, inaitwa tatu. Ikishaamka, programu zinaiita sifuri. Ni diski ile ile. Ukiita sifuri mapema, nani ataitika?" Nikakujibu, "Nyinyi Wataita, hata chuma mnakipa jina la nyumbani!"

Jumatatu nikaandika tatu, kwa kidole kimoja, kile kinene unachokicheka. Ikanguruma. Ramani zako za ranchi za Ndara zikatokea zote, hata kisima ulichokichora mara mbili kwa ubishi wako.

Nikamwita mkubwa. Akatazama, akasema, "Bahati tu." Nikamwambia, basi waandikie wafadhili kwamba Daniel hakufunga chochote. Akasema ile barua ilishaenda, na marehemu hasomi barua.

Wenzetu waliokuwa pale wakarudi kwenye karatasi zao. Nao ni watu uliowafundisha kuwasha hiyo mashine, ukawanunulia na chai. Sasa ukitajwa wanashusha sauti, kana kwamba wanamtaja mtu aliyefukuzwa kwa wizi.

Kwa hiyo nitawaandikia wafadhili mwenyewe. Ndiyo, kwa Kiingereza changu kile. Watacheka makosa, lakini wataelewa ni nani hakuharibu nini, na jina langu litakuwa chini pale, wanifukuze wakitaka.

Na nimeshanunua mkebe wa rangi nyeusi. Nitapanda Wusi peke yangu, nimwombe mkeo ruhusa, niongeze kwenye ule msalaba jina unaloitikia.

Lala sasa, Mwadime. Safari hii sitapotea njia.

Yule Mkamba wako,
Musyoka