Wimbo wa Kumi na Moja Umemshinda Mwanangu

Kwako mshauri wa gazeti letu, shikamoo kama umenizidi umri, na kama ni mimi niliyekuzidi basi marahaba, naitikia mapema tusipoteze muda, kwa sababu nina jambo limenielemea na sina pa kulitua. Mimi ni mama wa watoto watatu, ni mpishi wa shule ya msingi huu mwaka wa kumi na tisa, masomo yangu yaliishia darasa la saba ila naandika mwenyewe kama unavyoona, na mume wangu alifariki miaka minne iliyopita.

Kabla sijaingia kwenye shida nikueleze kidogo kuhusu mwanangu wa mwisho, maana bila kumjua yeye huwezi kunielewa mimi. Mtaani wanamwita Injinia. Jina hilo nililianzisha mimi, sikatai, lakini limeshika kwa sababu linamfaa. Anafanya kazi ya kompyuta hospitalini, idara ya kumbukumbu za wagonjwa, na wakubwa zake wakikwama ndiye wanayemwita, hata kama yuko mezani anakula ataacha kijiko aende. Kompyuta ya hapa nyumbani ilikuwa maiti, ofisi moja iliitupa, yeye akaiokota akaitia Linux ikafufuka. Usiniulize Linux ni kitu gani, ninachojua mimi ni kwamba haisumbuliwi na virusi, ina picha ya ndege mnene kama kavaa suti ya harusi, na mtaa mzima hakuna mwingine mwenye nayo. Jirani yangu mshonaji naye ana mtoto anayejidai anajua kompyuta, lakini ya kwake ni hii ya kawaida.

Sasa shida. Marehemu mume wangu alikuwa anaimba besi kwenye kwaya, na akiimba unaisikia kifuani kabla hujaisikia masikioni. Mwaka mmoja kabla hajafariki mwalimu wa kwaya aliwarekodi wakiwa mazoezini, nyimbo kumi na moja, na ule wa mwisho kabisa mume wangu anaimba peke yake, wenzake wanaitikia kwa mbali. Baada ya mazishi mwalimu akaniletea CD, akasema mama hii ni yako. Mashine aliyorekodia ilishaharibika, kwa hiyo ni hiyo moja tu duniani. Nimeisikiliza miaka yote hii nikiwa napiga pasi.

Mwaka huu mshonaji, ambaye pia ni katibu wa kwaya, akaniomba niwaazime wajifunze wimbo mmoja. Nikampa, ila nikaandika juu yake kwa kalamu ya wino, kuzunguka pembeni palipokuwa wazi, kwa herufi kubwa, MALI YA MAMA INJINIA IRUDISHWE, nikakandamiza ili isifutike. Ikarudi. Nikaiweka kwenye redio, nyimbo kumi ziko sawa, ule wa mwisho unarukaruka. Nikavuka barabara hapo hapo.

"Redio yako imekula CD yangu," nikamwambia.

"Mama Injinia, usinisingizie," akasema huku cherehani inakwenda, hata hakuinua uso. "Mwanangu kaiona akasema kalamu ya ncha kali haitakiwi juu ya kitu kile. Wewe umeandika kama unachimba msingi."

Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika gazetini. Lakini mshauri, nilipofika nyumbani niliingiwa na woga, nikasema kama ni maandishi basi nitayatoa. Nikachukua waya wa kusugulia sufuria. Sufuria zangu za shule zote zinang'aa, muulize mkaguzi yeyote. Nikasugua taratibu na maandishi yakatoka kweli, ila yakatoka pamoja na vigamba vyeupe kama magamba ya samaki mdogo, na nilipoinua ile CD kwenye dirisha nikaona mwanga unapenya kwenye vitundu. Nikakaa chini. Halafu nikachukua karatasi ya gundi inayong'aa, rangi ya fedha, ile ya kupambia madaftari, nikaikata duara nikaibandika juu yote. Ikapendeza. Hata ukiitazama kwa chini huoni tundu. Hakuna anayejua jambo hili isipokuwa wewe.

Mwanangu alipokuja Jumapili nikamwambia tu kwamba CD ya baba inasumbua. Akasema, "Lete mama, nizihamishie nyimbo kwenye kompyuta, hazitapotea tena."

Nikavuta kiti nikae kumwangalia, maana napenda kumwangalia akifanya kazi. Akafungua programu ya kuhamishia, ikaandika kwamba hana ruhusa.

"Hana ruhusa ya nani?" nikauliza. "Kompyuta iko sebuleni kwangu, juu ya kitambaa nilichofuma mwenyewe."

"Mama, ni mambo ya vikundi. Inabidi nijiingize kwenye kikundi cha wanaoruhusiwa kusoma CD."

"Iambie mimi mwenye nyumba nimekuruhusu."

Akacheka, akaandika maneno yake mawili matatu, ikatii. Halafu ile programu ikajipeleka yenyewe kwenye intaneti kutafuta majina ya nyimbo, ikarudi na orodha ya wanawake wa ng'ambo wanaopiga dansi. Mwanangu akanieleza kwamba imefananisha tu urefu wa nyimbo, lakini nilisimama pale mpaka akafuta jina la mwisho, mume wangu hajawahi kuwa mwanamke wa dansi. Baada ya hapo nyimbo kumi zikapita moja moja, kila moja inapata alama ya kijani. Wa kumi na moja ukaanza, ukafika mahali ukagoma. Ile sehemu ya kusomea CD ikawa inanguruma, inatulia, inarudi nyuma, inanguruma tena.

"Hii programu haipokei kosa," mwanangu akasema. "Ikitilia shaka inarudia palepale mpaka iridhike."

"Basi imefanana na mimi na mchele wangu," nikasema, na moyoni nikawa naomba iridhike.

Haikuridhika. Mshauri, hizi ni Jumapili sita. Kabadilisha programu tatu. Kabadilisha waya. Kaazima sehemu nyingine ya kusomea kutoka kazini kwao, nayo ikagomea palepale. Kafuta Linux nzima akaweka Linux ya aina nyingine, kumbe ziko nyingi, akarudia hivyo mara tatu. Jumapili ya nne akaigeuza CD akaitazama kwa chini, akasema, "Iko safi kabisa. Mama, hii CD iliwahi kuanguka? Iliwahi kufanywa chochote?" Nikamwambia haijawahi, na haki ya Mungu ni nzima. Akanitazama akasema, "Basi kosa ni langu." Nikaenda jikoni.

Sasa sikiliza kinachoninyima raha. Hospitalini wanataka kumfanya mkuu wa idara. Mkuu kabisa, mwenye mlango wake! Anatakiwa atoe jibu Ijumaa ya wiki ijayo. Jumapili iliyopita amekaa mbele ya kompyuta kaizima, mikono magotini, akaniambia, "Mama, hiki cheo sitakipokea. Wimbo mmoja wa baba umenishinda, nitabebaje kumbukumbu za wagonjwa wote wale?" Pale ndipo nilipaswa kufungua mdomo. Nikamwambia, "Kunywa chai itapoa." Na kwaya nzima nilishaitangazia kwamba amekuwa mkuu.

Nikimwambia, ataona mama yake kakwangua sauti ya baba yake kwa waya wa sufuria kisha kala kiapo. Nikinyamaza, ndiyo hivyo anakataa cheo. Nifanyeje? Na kama kuna programu yoyote ya Linux inayoweza kurudisha kitu kilichokwanguliwa, nitajie jina lake tu, nitamwambia nimelisoma gazetini.

Mama Injinia. Jina langu halisi msilichapishe, ila la Injinia mnaweza.

*

JIBU

Shikamoo mama, marahaba yako niliipokea tangu mstari wa kwanza. Pole kwa kufiwa, na pole kwa haya yaliyofuata. Barua yako ina kurasa nne, na sifa za mwanao zimechukua mbili na nusu. Nimelazimika kupunguza, utanisamehe.

Nimemsomea barua yako fundi wa mitambo wa hapa ofisini. Alicheka nilipofika kwenye karatasi ya kung'aa, kisha nilipofika kwenye kiapo akaacha kucheka. Anasema hivi. Watu wengi hudhani nyimbo zimekaa upande wa chini unaong'aa, kwa hiyo wanaulinda huo. Chini ni plastiki tupu ya kupitisha mwanga. Nyimbo zimekaa juu, chini ya ngozi nyembamba kabisa, hapo hapo ulipochimba msingi. Tena CD husomwa kutoka katikati kwenda nje, wimbo wa mwisho ndio unaokaa pembeni, na pembeni ndipo ulipopenda kuandika. Vile vigamba ulivyovipangusa mezani havikuwa uchafu mama. Ulikuwa ni wimbo wenyewe.

Programu unayoitaka haipo. Haipo ya Linux, na haipo ya kawaida kama ya mtoto wa mshonaji, ambaye kwa taarifa yako ndiye aliyesema kweli kuhusu kalamu. Sehemu ya kusomea ya mwanao ni nzima, na programu zake zote tatu ni nzima. Zilifika kwenye tundu, zikasema hapa hatuoni kitu, hatuwezi kudanganya. Katika sebule yako, Jumapili zote sita, kompyuta peke yake ndiyo iliyosema kweli bila kukatisha.

Najua ulikandamiza ile kalamu kwa sababu uliogopa CD isirudi, na mtu aliyebakiwa na sauti moja ya mumewe ana haki ya kuogopa. Kwa hilo sikulaumu hata kidogo. Kusugua nako ni ujinga wa kawaida, sisi sote tumewahi kurekebisha kitu tukakimaliza. Ninachokulaumu ni ile chai. Mtoto amekaa mbele yako anajihukumu kwa kosa lako, na wewe unampa kikombe. Umemsifu mtaani miaka yote hiyo, na siku aliyohitaji neno moja la kweli kutoka kwako umemnyima. Yeye hakushindwa na wimbo. Fundi wetu anasema kuna njia ambayo mwanao anaijua vizuri tu, na hakuitumia kwa sababu alikuuliza kama CD ilifanywa chochote, nawe ukaapa. Alikuamini kuliko mashine zake. Hilo ndilo kosa lake pekee.

Sasa fanya hivi. Gazeti hili linatoka Jumatano na jibu la cheo ni Ijumaa, kwa hiyo usimsubiri Jumapili. Leo hii ukishafunga jiko la shule, kabla hajasomewa ukurasa huu, nenda kwake mwenyewe, usipige simu, na usimpeleke mtu akusemee. Ukifika, kabla hujaulizia kama amekula, sema, "Ile CD niliikwangua mimi na nikakudanganya." Usitangulize habari za kalamu, na usimtaje mshonaji.

Ile karatasi ya kung'aa usiibandue! Ukiivuta itaondoka na kilichobaki. Hata mwanao mzuie asiibandue kwa hasira. Muombe apunguze mwendo wa kusoma, azime ule ukali wa programu wa kutokubali kosa, airuhusu iruke matundu na ichukue inachokipata. Wimbo hautatoka mzima, na usidanganyike kwamba utatoka mzima. Fundi anakisia mwanzo wake utatoka vizuri, labda dakika moja na ushei, halafu utaanza kukatika. Katika hiyo dakika mumeo yumo. Zile nyimbo kumi azihifadhi pia sehemu nyingine, tena leo, zisikae kwenye kompyuta moja.

Cheo asikijibu kabla hujamwambia, na ukishamwambia, kaa kimya aamue mwenyewe. Mimi ningekuwa mgonjwa, ningependa kumbukumbu zangu zitunzwe na mtu aliyekaa Jumapili sita akitafuta kosa lake kwa ajili ya wimbo mmoja, lakini hayo hospitali itayaona yenyewe, usiende kuwaambia. Kwa kwaya, utasema ulitangaza mapema. Kwa mshonaji utavuka tena ile barabara, na safari hii maneno yawe yale yanayoweza kuandikwa gazetini.

Atakasirika. Muache akasirike, usimkatize, wala usilie ili anyamaze. Kwa namna ulivyomweleza, atakusamehe kabla hujafika mlangoni. Na akishakusamehe mama, nakuomba sana, usitoke hapo kwenda kuwahadithia kina mama wa kwaya kwamba watoto wao hawajui kusamehe kama wa kwako.